Mtoto wa selimundu anayeomba mofini: je, ameshakuwa teja?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, hawakosekani wodini kwetu, na wengi wao huja na homa au upungufu mkubwa wa damu. Hao hawanisumbui sana akilini, kwa sababu mwongozo upo, namba za maabara zipo, na kila mtu anajua aanzie wapi. Wanaonishinda ni wale wanaoletwa kwa sababu ya maumivu peke yake.

Yupo binti wa miaka tisa ambaye mwaka huu amelazwa kwetu mara tatu. Safari hii mama yake alimleta usiku akiwa amembeba mgongoni, mapaja na kiuno vikimuuma kiasi kwamba hakutaka hata shuka limguse. Daktari wa zamu alimwandikia parasetamo, dripu, na mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, "akihitaji". Alipewa dozi moja akalala mpaka alfajiri. Asubuhi muuguzi kiongozi wetu, ambaye ndiye anayeshika funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, alimkuta ameketi kitandani na mtoto wa kitanda cha jirani, wanachezea simu ya mama na kucheka. Kabla ya saa sita mchana binti akaomba dawa, tena akaitaja mofini kwa jina. Muuguzi kiongozi alisema, mbele ya wazazi wote waliokuwepo, kwamba mtoto wa miaka tisa anayejua jina la mofini ameshakuwa teja, kwamba mwenye maumivu ya kweli hachezi simu, na kwamba vipimo vyote vimerudi vizuri: himoglobini yake ni 7.4 kama siku zote, malaria hana, na eksirei ya mapaja haioneshi kitu.

Tangu siku hiyo mofini haitolewi mpaka mtoto alie kwa sauti, na wakati mwingine hata akilia hapewi. Mama yake naye ameingiwa na hofu. Usiku wa jana alinishika mkono akaniomba nisimpe tena binti yake "dawa ya mateja", kwa kuwa mzigo alio nao unamtosha: mume wake aliondoka akidai kwamba kwao ugonjwa huo haupo, na shuleni mtoto anaitwa mvivu. Lipo na jambo jingine ambalo huenda ni dogo, ila linamwongezea binti fedheha. Anakojoa kitandani karibu kila usiku, na wahudumu wanamgombeza kwamba mtoto mkubwa hafanyi hivyo.

Mimi siamini kwamba anadanganya, lakini sina hoja ya kumweleza mkuu wangu, mtu aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Isitoshe, ninaogopa. Chuoni tulifundishwa kwamba mofini hupunguza kupumua, na usiku ninakuwa peke yangu na wodi iliyojaa. Je, ni kweli kwamba mtoto huyu ameshaathirika na dawa? Nikimpa naye akashindwa kupumua, nitafanya nini? Na nizungumze vipi na mama yake, na pia na mkuu wangu, bila kuonekana mjuaji? Nimeanza kufikiria kuomba nihamishiwe wodi nyingine.

Muuguzi wa zamu ya usiku

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mengine. Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili hata moja ya uraibu. Ninachokiona ni mtoto ambaye maumivu yake yanatibiwa nusunusu, chini ya agizo la dawa linalomlazimisha aombe, kisha anahukumiwa kwa kuomba. Agizo hilo likirekebishwa, sehemu kubwa ya mvutano mlio nao wodini itaisha bila mtu yeyote kulazimika kukubali kwamba ameshindwa.

Tukumbushane kwanza kinachomuuma. Mtoto huyu amerithi himoglobini S, aina yenye kasoro ya ile protini inayobeba oksijeni katika damu, kutoka kwa wazazi wote wawili. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana na kuunda nyuzi ngumu ndani ya chembe nyekundu, chembe hupinda na kukakamaa, na nyingi zikinasa katika mishipa midogo, sehemu ya mwili iliyo mbele ya mishipa hiyo hukosa oksijeni. Mara nyingi mahali penyewe ni ndani ya uboho wa mfupa, ambapo uvimbe hauna nafasi ya kutanukia, na wapo wanawake wenye selimundu wanaosema kwamba uchungu wa uzazi haukufikia maumivu hayo. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini ya mtoto huyu huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo himoglobini ya 7.4 ndiyo hali yake ya kila siku, awe na maumivu au asiwe nayo. Eksirei nayo ni hivyohivyo, kwa kuwa mfupa uliokosa damu leo unaweza kuonekana mzima kabisa kwenye picha kwa siku kadhaa. Hakuna kipimo cha maabara kinachothibitisha wala kukanusha maumivu ya selimundu, na huo si upungufu wa hospitali ya wilaya, maana hata Muhimbili hawana. Anayejua kama anaumwa, na kwa kiasi gani, ni mtoto mwenyewe.

Ama kuhusu simu na kicheko, wengi wa watoto hawa huanza kuumwa kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa kuvimba viganja na nyayo, na kufikia umri wa miaka tisa wamejifunza kuishi na maumivu kama ambavyo wengine hujifunza kuishi na kelele za barabarani. Kucheza kunaiondoa akili kwenye maumivu, na katika hospitali zenye uwezo kuna watu wanaoajiriwa kwa kazi ya kucheza na watoto wagonjwa kwa sababu hiyohiyo. Badala ya kuangalia kama anacheka, angalia anavyoketi, kama anauinua mguu kwa kuushika kwa mikono, kama kicheko kinakatika anapotakiwa kwenda msalani, na kama anakula. Usishangae pia ukimkuta mtoto mwingine wa selimundu amelala kimya, uso ameuelekeza ukutani, akikuambia kwamba hajambo. Mara nyingi huyo ameshachomwa sindano nyingi za diklofenaki na ameamua kwamba ni nafuu kuumwa kuliko kuchomwa tena.

Kujua jina la dawa nako kusihesabiwe kuwa kosa. Mtoto wa kisukari akitaja insulini na kiasi chake tunampongeza, tena tunamwambia mama yake kwamba amelea vizuri. Huyu wa kwenu amelazwa mara tatu mwaka huu na amegundua ni dawa ipi inayomsaidia. Ni busara ya mgonjwa, na mngeweza kuitumia.

Uraibu ni kuitafuta dawa hata pasipo na maumivu, na kuendelea nayo ingawa inamharibia mtu maisha. Mwili kuizoea dawa ni jambo tofauti. Anayepewa mofini mfululizo kwa siku nyingi, awe mtoto au mzee, mwili wake huizoea, na ikikatwa ghafla anaweza kutoka jasho, kuhara na kukosa utulivu, ndiyo maana dozi hupunguzwa hatua kwa hatua badala ya kusimamishwa mara moja. Hilo halihusiani kabisa na tabia. Sisemi kwamba uraibu wa dawa za jamii ya mofini haupo duniani. Marekani imezika watu wengi kwa ajili yake. Lakini mtoto anayepewa dozi inayolingana na uzito wake kwa siku chache, ndani ya hospitali na kwa maumivu yanayojulikana chanzo chake, yuko mbali na hali hiyo.

Sasa tulifikie agizo lenyewe, ambalo kwangu ndilo kiini cha barua yako. Mofini ya maji huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi na hudumu kwa saa nne. Dawa ikiwa imeandikwa "akihitaji", mtoto hana budi kusubiri mpaka ile ya mwanzo iishe nguvu, aumie, aombe, ajadiliwe, funguo itafutwe, rejista ijazwe, kisha asubiri tena nusu saa. Mtoto mwenye akili timamu atajifunza kwamba kuomba kwa adabu hakuleti dawa ila kilio huleta, kwa hiyo atalia. Atajifunza pia kuhesabu saa na kuomba kabla ya wakati, kwa kuwa anajua dawa inachelewa. Hizo ndizo tabia ambazo sisi wauguzi huzitaja kuwa dalili za uteja, ilhali ni wodi yenyewe iliyomfundisha. Mtoto anayejua kwa hakika kwamba dozi itafika saa nne kamili hana sababu ya kulia saa tatu.

Kwa hiyo daktari atakapopita wodini, mwombe aandike mofini kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na dozi ya ziada kwa maumivu yatakayochomoza katikati. Parasetamo iendelee kila baada ya saa sita, na aibuprofeni iongezwe kama mtoto hana upungufu wa maji, ugonjwa wa figo wala vidonda vya tumbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 kuhusu maumivu ya watoto uliiondoa ile ngazi ya kati ya kodeini, dawa iliyo dhaifu kuliko mofini: parasetamo na aibuprofeni zikishindwa, kinachofuata ni mofini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12, pamoja na tramado kwa matibabu ya maumivu ya watoto wa umri huo, kwa sababu mwili wa kila mtoto huzigeuza dawa hizo kwa namna yake na haiwezekani kutabiri nani atazidiwa. Pethidini, dawa nyingine ya maumivu ya jamii ya mofini, nayo huacha mabaki mwilini yanayoweza kuleta degedege, na kama bado mnaichoma wodini kwenu kwa mazoea, hapo ndipo penye hatari ya kweli kuliko kwenye kikombe cha mofini. Mgonjwa mpya anapofika, mwongozo wa Uingereza unataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya dakika 30 za kupokewa, na wa Marekani ndani ya saa moja, kabla ya majibu ya maabara kurudi.

Hofu yako ya kupumua ni hofu ya muuguzi makini, nami nisingependa iondoke. Ningependa tu uifanyie kazi. Mofini haimzimishi mtu pumzi kama taa. Kwa kawaida mgonjwa kwanza husinzia kupita kiasi, kisha ndipo pumzi hupungua, kwa hiyo muuguzi anayeangalia usingizi hupata muda wa kutenda. Kabla ya kila dozi, na saa moja baada yake, mwite kwa jina, umguse bega, uone kama anaamka kirahisi na kukujibu, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima na upime oksijeni. Akiamka na kujibu, mpe dawa hata kama ulimkuta usingizini, maana mtoto aliyechoka hulala juu ya maumivu. Akiwa mgumu kuamka, au pumzi zimepungua kuliko kawaida ya umri wake, dozi isitolewe: mwite daktari, mpe oksijeni ikiwa imeshuka, na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, iwe karibu. Mwanzoni mwa kila zamu hakikisha unajua naloksoni iko kabati gani na kwamba haijaisha muda wake. Mama anayelala naye anaweza kuwa jicho lako la pili, ukimwonesha namna ya kumwamsha na jambo gani la kukuitia.

Ajali za mofini ya maji kwa watoto hutokana zaidi na hesabu kuliko na dawa yenyewe. Chupa zote hazina nguvu sawa, na aliyezoea chupa dhaifu anaweza kuimimina kali kwa mililita zilezile. Agizo liandikwe kwa miligramu, mililita zikokotolewe kutoka kwenye lebo ya chupa iliyo mkononi, dawa ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano badala ya kijiko, na mtu wa pili aikague. Usiichanganye na diazepamu au promethazini eti mtoto apate usingizi mzuri. Mwombe daktari dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mofini hufunga choo, na tumbo lililofunga huongeza maumivu mapya juu ya yale ya zamani.

Na hapa nina hoja ambayo huenda mkuu wako hajaifikiria. Kinachowaua watoto hawa wakiwa wamelazwa kwa maumivu mara nyingi ni ugonjwa wa ghafla wa kifua cha selimundu, yaani mapafu kushambuliwa na selimundu, ambao huweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu, wakati wote tukidhani mgonjwa anaelekea nyumbani. Mtoto mwenye maumivu ya mgongo au mbavu ambayo hayakutulizwa huogopa kuvuta pumzi ndefu, sehemu za chini za mapafu hazifunguki vizuri, na hali hiyo huuandalia ugonjwa njia. Kumnyima mofini, kwa hiyo, hakuyalindi mapafu yake, kama ambavyo kumzidishia hakuyalindi. Atulizwe kiasi cha kuweza kuketi, kutembea na kupumua kwa kina, na kila baada ya saa mbili anapokuwa macho avute pumzi ndefu kumi, au apulize puto au povu la sabuni akishindana na yule jirani wa simu. Homa mpya, kikohozi, maumivu ya kifua, kupumua haraka, au oksijeni kushuka chini ya asilimia 95 au chini ya kiwango chake cha kawaida kilichoandikwa kwenye faili, vyote ni vya kumwitia daktari saa hiyohiyo. Hali kadhalika mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au kichwa kuuma ghafla, kwa kuwa kiharusi kwa watoto hawa hakisubiri uzee.

Dripu nayo ina mipaka yake. Tumezoea kuamini kwamba maji mengi huzisafisha chembe zilizokwama, lakini maji ya mshipani yakizidi mahitaji huishia mapafuni. Akiweza kunywa, anywe, na dripu ipunguzwe. Kanula isiwekwe mguuni, kwa sababu ngozi ya kifundo cha mguu ya mgonjwa wa selimundu hupata vidonda visivyopona kwa miezi. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya paja kinasaidia. Barafu ni marufuku, maana baridi hubana mishipa. Na kuhusu damu, maumivu peke yake si sababu ya kumwongezea mtoto mwenye 7.4 ambayo ndiyo kawaida yake, hata kama ndugu wa mgonjwa wamejitokeza kuchangia.

Suala la kukojoa kitandani si dogo kama unavyodhani, na kumgombeza kukomeshwe leo. Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo, hivyo selimundu huiharibu mapema sana, na figo hupoteza uwezo wa kukusanya mkojo uwe mzito. Mtoto hutoa mkojo mwingi na mwepesi mchana na usiku, nasi tunamwekea dripu juu yake kisha tunamlaumu. Asinyimwe maji, kwa sababu kukauka ni mojawapo ya vichocheo vya maumivu. Mtandikie mpira wa kitanda, mwamshe aende msalani unapompa dozi ya usiku, na uwaeleze wahudumu kwa maneno machache kwamba ni figo. Sijapata kukutana na mhudumu aliyeelezwa hivyo akaendelea kugombeza.

Mama yake mtafutie muda mchana, mkae, usizungumze naye ukiwa umesimama na trei mkononi. Mwambie kwamba mofini ni dawa ya maumivu, kwamba itatolewa kwa kipimo na kwa saa, kwamba itapunguzwa mtoto anapopata nafuu, na kwamba kuogopa kwake ni jambo la kawaida kwa mzazi. Mwoneshe binti akipumua vizuri saa moja baada ya dozi, kwa kuwa macho yatamshawishi kuliko maneno. Juu ya mume wake, unaweza kumweleza ukweli wa kurithi bila kuingia katika ndoa yao: mtu anaweza kubeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa, na ukoo mzima ukakibeba kwa vizazi kadhaa bila kumwona mgonjwa, lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye wabebaji wengi zaidi, kwa sababu kinasaba hicho kikiwa kimoja humkinga mtoto na malaria kali. Inakadiriwa kwamba nchini kwetu huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, kwa hiyo mama huyu hayuko peke yake na hakufanya lolote la kumletea mtoto ugonjwa.

Kuna swali ambalo hukuniuliza, nami ninaona ni la lazima: je, binti huyu anatumia haidroksiyurea? Mtoto aliyelazwa mara tatu kwa mwaka hapaswi kuruhusiwa bila jambo hilo kuandikwa kwenye faili. Dawa hiyo huongeza himoglobini ya kijusi, ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia himoglobini S isishikamane. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto wa mwaka mmoja hadi kumi, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba walipoitumia, maumivu, maambukizi, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua kuliko kabla ya kuianza. Inahitaji kupima picha kamili ya damu kwa vipindi, kwa kuwa inaweza kushusha chembe za kinga, lakini hospitali ya wilaya yenye maabara inayofanya kazi inaliweza hilo. Kama hakuna daktari wa kuianzisha kwenu, aombewe rufaa kwenda kliniki ya selimundu ya Bugando, Mwanza. Binti ameshapita ule umri wa msamaha wa gharama za matibabu wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo mpeleke mama kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya kuruhusiwa, si siku yenyewe ambapo kila mtu ana haraka. Barua fupi kwa mwalimu mkuu pia iandikwe, ikieleza kwamba mtoto abebe chupa ya maji darasani, aruhusiwe kwenda msalani kila anapohitaji, na asilazimishwe kukimbia au kukaa kwenye mvua na baridi.

Mkuu wako usimkabili mbele ya wodi, na usimpelekee nadharia. Chukua karatasi, uchore nyuso sita kuanzia ya tabasamu hadi ya kilio, au umwombe binti ataje namba kutoka sifuri hadi kumi, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa anaweza. Kwa wadogo wasioweza kusema, angalia uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Andika saa aliyotaja namba, saa aliyoomba dawa, saa aliyopewa, na namba aliyotaja saa moja baadaye, pamoja na pumzi na oksijeni kila mara. Baada ya siku mbili za agizo la saa kwa saa, mpelekee mkuu wako karatasi hiyo wakati hana watu, umwombe ushauri: "Mama, naomba uniangalizie, naona namba zinashuka na pumzi ziko sawa, tuendelee hivi?" Mtu aliyebeba dhamana ya funguo hizo kwa miaka mingi ameona dawa zikiibwa na wenzake wakihojiwa, na ukali wake huenda umetokana na hapo. Sheria inamtaka ahesabu kila dozi na kuijaza kwenye rejista, jambo ambalo agizo la saa kwa saa linalirahisisha. Haimtaki asubiri machozi.

Ikiwa dawa iliyoagizwa kwa saa bado haitolewi, hilo limeshatoka katika mambo ya heshima kwa mkubwa na limekuwa kutotekeleza agizo la tiba. Peleka karatasi ileile kwa daktari wa wodi, na ikibidi kwa muuguzi mkuu wa hospitali, bila maelezo marefu, kwa sababu saa zilizoandikwa zitajieleza.

Kuhusu kuhama, sikushauri. Wagonjwa wa selimundu siku hizi wanakua, na utawakuta wodi ya wakubwa, ya wazazi na ya upasuaji, wakiwa na maumivu yaleyale na maagizo yaleyale ya "akihitaji".